Mwana wa Mmisionari katika Kazi ya Malkia



Sisi wa pande hizi twajua jinsi maiti ya Dr. Livingstone ilivyochukuliwa na akina Susi na Chuma hata Bagamoyo, mwezi wa Februari 1874, ikapokewa katika nyumba ya Mapadre. Lakini habari za shemeji yake ni wachache wazijuao. Nimezichagua leo katika Jubilii yetu, kwa kuwa Mapadre hawana wana wa kuwazaa, bali makatekista na walimu wanao, na wana hao wengi huingia katika kazi ya Serikali.

Jina lake John Smith Moffat. Alizaliwa mwaka 1835 Kuruman, Afrika ya Kusini, ambako baba yake, Robert Moffat, alikuwa mmisionari, ndiye aliyetafsiri Biblia katika Kitswana. Dada yake Mary aliolewa na Livingstone.

Mzee Moffat alikuwa na rafiki wa ajabu, Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, mtu wa vita aliyeogopwa na majirani wote. Walionana mara ya kwanza mwaka 1829, na tangu siku hiyo mfalme alimpenda mno. Si kwa ajili ya dini, maana hakubatizwa kamwe. Nadhani ni kwa sababu alimwona mtu asiyetaka ng'ombe zake wala nchi yake. Kwa urafiki huo wamisionari walipewa mahali Inyati mwaka 1859, na kijana John alikuwa mmoja wao.

Baada ya miaka mingi John aliacha kazi ya misheni, akaingia katika kazi ya Malkia Victoria. Basi Serikali ilitaka kumzuia Lobengula, mwana wa Mzilikazi, asipatane na Maburu wala Wareno. Ikamtuma nani? Ikamtuma mwana wa Moffat. Tarehe 11 Februari 1888 Lobengula akatia alama yake, akiahidi kwamba hataipa dola nyingine nchi yake bila idhini ya Waingereza. Fikirini, wana wawili wameketi, na kati yao umewekwa urafiki wa baba zao.

Mwaka ule ule, tarehe 30 Oktoba, wajumbe wa Cecil Rhodes wakapata kwa mfalme hati ya kuchimba madini, na mkalimani wao alikuwa mmisionari. Kwa mdomo mfalme aliambiwa kwamba Wazungu wachimbaji hawatapita kumi. Neno hilo halikuandikwa. (Walimu, wafundisheni watoto kusoma, na kuuliza pia lile lisiloandikwa!) Mwaka 1893 kampuni ya Rhodes ikapiga vita. Lobengula akakimbia, mji wake Bulawayo ukateketea, naye akafa safarini.

Moffat alichukizwa sana na vita ile, akasema waziwazi kwamba Wandebele wameonewa. Wakubwa hawakupenda maneno hayo, wala hakudumu sana katika kazi. Mimi simhesabu kuwa mwongo. Hata hivyo alisema wakati karatasi imekwisha kutiwa alama, na Lobengula hakuwa na rafiki mwingine wa kumwendea.

Alifariki mwaka 1918. Katika vitabu mapatano yale huitwa hata leo Mapatano ya Moffat, kwa jina lile lile alilolipenda Mzilikazi.