Kabla Hujauliza Mwanariadha Kazaliwa Wapi



Ndugu yangu, dada yangu, kila Olimpiki ikifika barazani maneno ni yale yale: "Ati huyu anaikimbilia Bahrain na kwao ni Bonde la Ufa!" Wengine twacheka, wengine twasema kauza nchi. Leo hebu tuulizane: mahali mama alipojifungulia panahusu nini na jezi?

Chukua Mo Farah. Kazaliwa Somaliland, na mwaka 2022 alieleza mwenyewe kwamba hata jina hilo si lake, jina lake hasa ni Hussein Abdi Kahin. Alipelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka 9 hivi, kwa jina la mtoto mwingine, akafanyishwa kazi za nyumbani. Alipofika miaka 14 akaalikwa kukimbia Latvia na timu ya shule za Uingereza, akakwama. Hana hati za kusafiri. Miguu anayo, kasi anayo, karatasi hana. Mwalimu wake wa michezo akamhangaikia, akapata uraia mwaka 2000. London 2012 akatwaa dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000. Rio 2016 akarudia. Pale alipozaliwa hapakubadilika hata kidogo.

Sasa njoo huku kwetu. Stephen Cherono kazaliwa Keiyo. Mwaka 2003 akachukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na wiki chache tu baadaye akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mjini Paris. Mkenya Ezekiel Kemboi akawa wa pili. Kenya ilikasirika. Olimpiki ya Athens 2004 ikamzuia, maana kanuni ilitaka miaka mitatu ipite au nchi ya zamani iridhie, na Kenya haikuridhia. Siku chache baada ya Athens, Brussels, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 7 na sekunde 53.63. Mimi simlaumu sana Cherono, najua wengi mtanipinga.

Lakini angalia. Kijana wa Keiyo alipata uraia wa nchi ya mbali msimu haujaisha. Kijana wa Garissa, wa Mandera, au wa Mji wa Kale hapa Mombasa, baba Mkenya, babu Mkenya, anaambiwa alete kitambulisho cha babu, arudi wiki ijayo, aje na mzee wa mtaa. Bila kitambulisho hana pasipoti. Bila pasipoti, hata akimbie vipi, uwanja wa ndege hapiti. Yuko kama Mo Farah wa miaka 14, na huyu yuko kwao!

Na usidhani kuzaliwa hapa kunatosha. Wamakonde wa Kwale walizaliwa hapa na wazazi wao hapa, wakakaa bila kitambulisho mpaka 2016. Wapemba, watu wa bahari tunaokula samaki wao kila siku, wakangoja mpaka 2023.

Katiba haina shida hiyo. Kifungu cha 14 chasema wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama au baba yako alikuwa raia, uwe umezaliwa Kenya au nje. Kifungu cha 12 kinakupa haki ya pasipoti na kitambulisho. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini kule Wajir kuondoa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Twashukuru. Lakini saini ya Wajir lazima ifike mpaka kwenye dirisha la afisa.

Kwa hivyo ukikataliwa, usiondoke na maneno ya mdomo. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Idai hiyo barua, piga nakala, tuletee. Na kama nyumbani una kijana wa mbio au wa kandanda anayekaribia miaka 18, anza kutafuta karatasi zake wiki hii. Usingoje mpaka aitwe kwenye timu.