Seneta ni wa watu au ni wa kaunti?

(Mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya baraza la wananchi. Tunayachapa kwa ajili ya wakazi walioomba nakala.)

 

Kabla sijaanza, niseme jambo moja. Mimi ni mtumishi wa umma. Sina chama hapa wala sina mgombea. Nimekuja kueleza sheria, na mtakaponiuliza nani apigiwe kura, sitajibu.

Mada ya leo ilitoka kwa mama mmoja aliyefika ofisini kwetu. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza: "Mwanangu ameishi Minnesota miaka mingi, sasa anasema kule kila mtaa una seneta wake. Kwa nini sisi kaunti nzima tunaye mmoja tu?" La pili: "Je, akirudi nyumbani anaweza kuwa seneta wetu?" Nilimwambia maswali hayo si ya kujibiwa tukiwa tumesimama mlangoni. Leo nayajibu.

Tuanze na Marekani. Wengi wetu tukisikia seneta wa Marekani tunafikiria wale wa Washington, wawili kwa kila jimbo. Lakini kila jimbo kati ya majimbo 50 lina bunge lake na seneti yake, inayotunga sheria za jimbo hilo: shule, barabara, kodi za jimbo, magereza. Majimbo 49 yana mabunge ya nyumba mbili. Nebraska peke yake ina nyumba moja, yenye wajumbe 49, nao pia huitwa maseneta.

Minnesota, anakoishi kijana wa yule mama, ina maseneta 67. Idadi hiyo ni sawa na ya maseneta wetu tukimwacha Spika kando. Ila wao wote 67 huchaguliwa, kila mmoja katika eneo lake. Sisi tunachagua 47, mmoja kwa kila kaunti, halafu vyama huteua wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wanaoishi na ulemavu. Hayo yako katika Kifungu cha 98 cha Katiba yetu.

Eneo la seneti la Minnesota si kaunti. Hukatwa kwa kuhesabu watu. Sensa ya 2020 ilipata watu 5,706,494 jimboni humo. Gawanya kwa 67, unapata kama watu 85,000 kwa kila seneta. Kila eneo hilo hukatwa tena vipande viwili, na kila kipande huchagua mjumbe mmoja wa nyumba ya pili. Kila baada ya miaka 10, sensa ikitoka, mipaka huchorwa upya ili maeneo yalingane.

Haikuwa hivyo kila mahali tangu zamani. Huko Alabama, kaunti ya Jefferson ilikuwa na watu zaidi ya 600,000 na seneta mmoja. Kaunti ya Lowndes ilikuwa na watu 15,417, nayo seneta mmoja. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 1964 Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani ikaamua, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, kwamba maeneo ya seneti za majimbo lazima yalingane kwa idadi ya watu. Tangu hapo, jimbo la Marekani haliwezi kusema kila kaunti seneta mmoja bila kujali kaunti hiyo ina watu wangapi.

Sasa tujitazame sisi. Katika sensa ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Lamu ilikuwa na 143,920. Kila moja ina seneta mmoja wa kuchaguliwa. Kwa hesabu ya Alabama, mtu angesema mkazi wa Nairobi ameonewa.

Lakini Katiba yetu ilichagua hivyo kwa makusudi. Bunge la Taifa ndilo linalohesabu watu kupitia maeneo bunge. Seneti inahesabu kaunti. Kifungu cha 96 kinasema kazi ya Seneti ni kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake na ya serikali zake. Na katika mambo mengi yanayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na seneta aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe huo. Kwa hiyo kura ya Lamu na kura ya Nairobi zina uzito mmoja.

Hili linagusa mfuko. Mnakumbuka mwaka 2020 Seneti ilipovutana juu ya fomula ya kugawana pesa za kaunti. Upande mmoja ulisema pesa zifuate watu: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande mwingine ulisema kaunti kubwa kwa ardhi na chache kwa watu, ambako zahanati iko safari ya siku nzima, zitaumia. Vikao viliahirishwa mara baada ya mara, na mwafaka ulipatikana Septemba. Makubaliano yalikuwa kwamba fomula mpya ianze pamoja na nyongeza ya shilingi bilioni 53.5, kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili kaunti yoyote isipate chini ya ilivyokuwa ikipata. Kama kura zingehesabiwa kwa wingi wa watu, sidhani mazungumzo yangefika hapo. Wengine watasema ingekuwa haki zaidi. Mjadala huo ni halali, na ni wenu.

Tuje kwa nani anaruhusiwa kugombea.

Minnesota wanataka mtu awe na umri wa miaka 21, awe na sifa za kupiga kura jimboni, awe ameishi jimboni mwaka mmoja na katika eneo analogombea miezi sita kabla ya uchaguzi. Umri hutofautiana. Texas ni miaka 26, Missouri ni 30. Muhula pia hutofautiana. New York ni miaka miwili, na Minnesota kwa kawaida ni minne.

Ile miezi sita si maneno ya kupamba karatasi. Novemba 2024 mtu mmoja alishinda kiti cha nyumba ya pili ya bunge la Minnesota, ambako sharti la makazi ni lile lile, tena kwa kura nyingi. Mpinzani wake akaenda mahakamani. Desemba jaji aliamua kwamba mshindi hakuwa ameishi katika eneo hilo kama sheria inavyotaka. Hakukalia kiti. Uchaguzi mdogo ukafanyika Machi 2025. Vyama viwili vilikuwa vimetoka sare ya viti 67 kwa 67, kwa hiyo chumba alicholala mtu mmoja kilitikisa bunge zima.

Kwetu, Kifungu cha 99 kinataka mgombea awe amesajiliwa kuwa mpiga kura, atimize masharti ya elimu na maadili, na ateuliwe na chama. Akiwa mgombea huru, aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 waliosajiliwa katika kaunti. Awe raia kwa angalau miaka 10 kabla ya uchaguzi. Asiwe afisa wa umma, asiwe amefilisika bila kuondolewa na mahakama, asiwe anatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na asiwe amepatikana na hatia ya kutumia vibaya ofisi ya umma.

Mmeona kisichokuwepo? Makazi. Katiba yetu haimlazimu seneta awe ameishi katika kaunti kwa muda wowote. Kupima kama anaijua njia ya kwenda kwenye kisima chenu kumeachiwa ninyi. Minnesota jaji anaweza kuuliza swali hilo. Hapa anayeuliza ni mpiga kura, na asipouliza yeye, haliulizwi.

Sasa uchaguzi wenyewe. Tarehe 9 Agosti 2022, siku ile ile sisi tulipokuwa kwenye foleni ya uchaguzi mkuu, watu wa Minnesota nao walikuwa wakipiga kura. Yao ilikuwa ya mchujo, uchaguzi mkuu wao ni Novemba. Kule mchujo huendeshwa na serikali, katika vituo vile vile vya kawaida, na mpiga kura hahitaji kuwa mwanachama wa chama.

Kuna tofauti mbili ambazo naomba mzishike.

Ya kwanza: kule, maofisa wa kaunti na miji ndio wanaoendesha uchaguzi. Hapa sivyo. Serikali ya kaunti haisajili wapiga kura, haichapishi karatasi za kura na haihesabu kura. Hiyo ni kazi ya IEBC. Mtu yeyote akikuambia anakusajili kwa niaba ya ofisi ya gavana, au akataka kubaki na kitambulisho chako, mkatalie.

Ya pili: Minnesota mtu anaweza kujisajili siku ya kupiga kura. Asipokuwa na karatasi ya kuonyesha anakoishi, jirani aliyesajiliwa katika eneo la kituo hicho anaweza kumdhamini kwa kiapo, na jirani huyo hapiti watu wanane. Hapa daftari hufungwa kabla ya uchaguzi. Ukifika kituoni jina lako halimo, jirani hawezi kukusaidia, hata mzee wa kijiji hawezi.

Kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, kwetu Spika wa Seneti hutoa ilani kwa IEBC ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 90 baada ya ilani hiyo. Seneta akikosa vikao vinane bila ruhusa katika kipindi cha vikao, na asitoe sababu ya kuridhisha, anaweza kupoteza kiti.

Nirudi kwa yule mama. Mwanao akiwa raia wa Marekani na akitimiza masharti ya makazi, anaweza kugombea kule. Haitakuwa ajabu: mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa katika nyumba ya pili ya bunge la Minnesota. Akirudi hapa ni habari nyingine. Kifungu cha 78 hakimruhusu afisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili, na seneta ni afisa wa dola. Itambidi auache ule wa Marekani. Kupiga kura hapa nyumbani, hata akiwa na uraia wa nchi mbili, hakuna anayemzuia, mradi awe kwenye daftari.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Nendeni ofisi ya IEBC ya eneo bunge lenu na kitambulisho au pasipoti. Aliyesajiliwa ahakikishe jina na kituo. Aliyehama aombe kuhamishiwa kituo anachoishi sasa. Na wagombea wa useneta wakija hapa chini ya mwembe huu, msiwaulize watawajengea nini, maana seneta hajengi barabara. Waulizeni watapigaje kura siku fomula ya pesa itakaporudi mezani, na wanajua nini kuhusu zahanati yenu.

Maswali yaanze. Kina mama kwanza, maana ndio walioleta mada.