Msipite Chuoni kama Abiria
(Hotuba kwa wanafunzi wa Kidato cha Sita siku ya mkutano wa wazee wa shule)



Nimeombwa niseme juu ya maisha ya Chuo Kikuu. Siku nilipopanda basi hapa Korogwe kwenda Dar es Salaam, baba yangu alikuja kutoka Handeni kuniaga. Aliniambia neno moja: "Mwanangu, soma. Mengine usijitie."

Mzee alikuwa na sababu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mishahara yao. Karibu 400 walifukuzwa, wakarudishwa makwao. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Habari hizo zilifika hadi vijijini kwetu.

Basi nilitii. Darasani, maktaba, chumbani. Miaka yote mitatu. Mitihani nilifaulu. Lakini siku ya kwanza kazini nilipoambiwa niongoze kikao cha watu kumi, ulimi ulikauka. Nilikuwa na shahada, sikuwa na sauti.

Kumbe palepale Mlimani wenzetu walikuwa wamejifunza mengine. Mwaka 1969 wanafunzi walianzisha gazeti lao, Cheche, wakilichapa kwa mashine ya saiklostaili. Halikuzungumzia posho zao. Lilizungumzia nchi na Afrika. Mwaka 1970 likapigwa marufuku. Lakini ujuzi wa kuandika, kubishana kwa hoja na kufanya kazi pamoja haupigwi marufuku. Zakia Meghji, mmoja wa wahariri wake, mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Issa Shivji, aliyeandika humo akiwa kijana, alikuja kuwa profesa wa sheria anayejulikana dunia nzima.

Kwa hiyo, vijana, nawausia mambo manne. Kwanza, mkifika, chagueni chama kimoja, si vitano: serikali ya wanafunzi, kwaya, mdahalo, au mpira. Kabla ya kujiunga ulizeni: chama hiki kinamfaa nani? Pili, ombeni kazi kabla ya cheo: andikeni kumbukumbu za mkutano, tunzeni daftari la fedha. Tatu, masomo yasipokonywe nafasi yake. Kikao kikigongana na mtihani, nendeni kwenye mtihani. Nne, likizo rudini nyumbani, mkawafundishe wadogo zenu hisabati.

Baba yangu ametangulia mbele ya haki. Ningalikuwa na nafasi ya kumjibu leo, ningalimwambia: "Baba, nilisoma. Lakini chuo nilikipita kama abiria anavyoipita Segera usingizini."

Ninyi msilale.