Utani wa Makabila na Wajibu Wake Msibani



Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na wengi huuliza jinsi watu wenye lugha na miiko mbalimbali hivyo wanavyoketi jamvi moja. Husifiwa Kiswahili, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo utani nao umefanya kazi kubwa, wala hausifiwi vya kutosha.

Utani mwingine ulizaliwa vitani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Wajukuu wao leo ni watani. Mwingine ulizaliwa njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu hadi pwani, walipita katika nchi za Wazigua na Wazaramo, na huko walihitaji maji, chakula, na mtu wa kumzika mwenzao aliyefia safarini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtani si mchekeshaji tu. Katika makabila mengi ndiye aliyechimba kaburi na kushika kazi ambazo wafiwa hawakuziweza kwa uchungu. Kwa hiyo alipewa ruhusa asiyopewa mwingine: kuizuia njia ya jeneza hadi alipwe, kukamata jogoo wa mwenye nyumba (na huo hauitwi wizi), kuigiza mwendo wa marehemu na kikohozi chake. Mjane ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana hucheka huku machozi yakimtoka, kisha hupokea uji. Ndugu wa damu hangethubutu kumchekesha.

Wako wazee wa kanisa wanaomfukuza mtani wakisema analeta kelele za kipagani. Ulevi na kuwatoza wafiwa kupita kiasi vyastahili kukemewa. Lakini kumfukuza mtu pamoja na jembe lake ni hasara. Mijini nako chakula cha msiba huagizwa kwa malipo na kaburi huchimbwa na vibarua. Kumebaki maneno tu, na kijana humdhihaki mwenziwe kwa kabila lake pasipo kumdai wala kudaiwa naye lolote. Dhihaka ya namna hiyo huumiza, na kuiita utani ni kulikosea neno.

Usharika waweza kumpa mtani nafasi yake baada ya mazishi, wafiwa wanaporudi nyumbani na kuketi kula. Na kabla ya vibarua kuitwa, aulizwe kwanza yeye kama atalichimba kaburi.