Nyumba ya Ngamiani na Namna ya Kumpata Mjenzi wa Kuaminika

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Tensta, Stockholm



Kamati imenitaka niseme machache kuhusu nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, kabla hamjapiga kura kesho juu ya mchango wa kujenga upya upande wa nyuma pamoja na sakafu ya juu. Mimi si mhandisi. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua hati za malipo kabla fedha hazijatoka. Nitasema kwa jicho hilo.

Sote twafahamu kwamba ukuta wa ua uliojengwa kwa michango yetu ulipasuka kabla ya masika ya pili. Lakini ukuta si hasara kubwa. Fedha zilipitia mikononi mwa ndugu yetu ambaye hakusomea ujenzi. Fundi alipoharibu kazi, lawama zikamwangukia yeye, na tangu hapo hajibu barua zetu. Ukuta tutaujenga tena. Ndugu hauzwi dukani.

Majumba haya ya Tensta yalijengwa kwa zege kati ya mwaka 1967 na 1972, katika mpango wa serikali ya Uswidi wa kujenga nyumba milioni moja ndani ya miaka 10. Yalisemwa vibaya mno, walakini yamesimama hadi leo. Zege la hapa halina dawa ya siri: lina kipimo, na lina mkaguzi.

Vilevile, tukimwita fundi hapa, sheria ya mwaka 1985 yatukinga. Akitaja bei ya makadirio, hawezi kuizidisha kwa zaidi ya asilimia 15 isipokuwa mmepatana vingine. Na kazi ikiwa na kasoro, mteja ana haki ya kuzuia sehemu ya malipo. Kwa nyumba ya Tanga, kinga kama hiyo yatupasa tuiandike wenyewe katika mkataba. Napendekeza basi watu watatu, kila mmoja na kazi yake.

Wa kwanza ni mjenzi. Awe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo huwapanga makandarasi kuanzia daraja la 1 hadi la 7. Tusitosheke na cheti cha mkononi. Jina lake liulizwe Bodi. Kisha atuonyeshe nyumba alizozijenga miaka mitatu iliyopita au zaidi, na wakazi wake waulizwe wakati wa masika, maana kiangazi kila paa ni zima.

Wa pili ni mkaguzi, mhandisi aliyesajiliwa, tutakayemchagua na kumlipa sisi, si mjenzi. Ahakikishe mchanga si wa baharini, kwani chumvi hula nondo. Vipimo viwe kwa ndoo au karai, si kwa makoleo. Maji yasizidi: fundi hupenda zege jepesi lisilomchosha, nayo maji ya ziada hulidhoofisha. Nondo zipigwe picha kabla ya kumwaga zege, maana likishamwagwa hakuna aonaye kilichomo. Zege litunzwe na unyevu kwa siku 7 au zaidi. Nguvu yake kwa desturi hupimwa siku ya 28. Mbao za chini zisiondolewe mpaka mhandisi aruhusu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka, watu 36 wakafariki. Bibi Mkubwa na watoto saba wa shule watalala chini ya sakafu yetu.

Wa tatu ni mweka hazina, ndugu yetu aliyeko huko. Kazi yake iwe daftari peke yake. Alipe kwa awamu: msingi, nguzo, sakafu, paa, na kila awamu ilipwe baada ya sahihi ya mhandisi. Mifuko mitupu ya saruji ihesabiwe na kulinganishwa na stakabadhi. Asilimia 10 ya malipo izuiwe hadi masika moja yapite. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Watakuwapo watakaosema mhandisi ni gharama, tena kumweka mkaguzi ni kumtilia shaka ndugu. Mimi naona kinyume. Ndugu mwenye sahihi ya mhandisi mkononi ana cha kuwaonyesha wote, nasi hatutakuwa na la kumlaumu. Anayeachwa peke yake na fedha za watu wengi ndiye aliyetupwa.

Ombi langu la mwisho: kabla ya kura, mkutano huu umwandikie ndugu yetu yule barua ya kumrudisha, iwe na sahihi zetu sote. Yangu itakuwa ya kwanza.