Karamu ya Idi na Haki ya Mgeni Asiyealikwa

(Hotuba iliyosomwa katika baraza ya Idil-Haji, Bandarini, Juba)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufikisha tena siku hii tukufu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baadu. 

Nimetakiwa niseme machache juu ya karamu ya Idi, na hasa juu ya jamaa wanaofuatana na rafiki zetu. Mtu humwalika mwenzake mmoja, naye akaja na mama yake, shemeji zake na watoto waliofika juzi. Je, hao nao wana haki katika sinia? Jambo hili laonekana dogo, lakini katika mji huu si dogo hata kidogo.

Juba ni mji wa wapitaji. Hapa bandarini hufika matishari yanayopanda mto kutoka kaskazini. Na kwa upande wa kusini iko barabara ya Nimule, kilomita 192, iliyokwisha kutiwa lami mwaka 2012, inayotuletea ndugu kutoka Uganda na Kenya. Wamo kati yao Wanubi wa Bombo na Kibera, ambao wazee wao walikuwa askari waliotoka pande hizi katika karne ya kumi na tisa, na lugha yao hata leo ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Kisha vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 viliwatawanya watu wetu hata makambini ugenini, na wengi walirudi wakisema Kiswahili. Na tangu Aprili 2023, vita vilipowaka Khartoum, maelfu kwa maelfu wameingia kwa njia ya Renk, wakashuka katika maboti kwenda Malakal, na baadhi yao wakasogea mpaka hapa. Kwa hiyo rafiki anayekuja na watu wengi hakukosa adabu. Hao ndio nyumba yake.

Sasa tutazame mwendo wa Mtume wetu. Yamesimuliwa na Bukhari na Muslim ya kwamba mtu wa Madina, jina lake Abu Shuaib, aliandaa chakula akamwalika Mtume pamoja na wenzake wanne. Njiani akawafuata mtu wa sita. Mtume hakumfukuza mtu yule, wala hakumwingiza kimya kimya. Bali alipofika mlangoni alimweleza mwenye nyumba, akamwachia hiari ya kumpokea au kumrudisha. Abu Shuaib akampokea. Hapa mna mafunzo mawili: mgeni ampe mwenyeji habari, na mwenyeji afungue moyo wake.

Tena liko jambo jingine, nalo ndilo nitakalo mlishike. Mwaka mmoja Mtume aliwakataza watu wasiweke nyama ya udhia zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata watu wakauliza kama katazo lile lingali lipo. Akawaruhusu wale, walishe na waweke akiba. Akawaeleza kuwa mwaka ule wa kwanza watu walikuwa katika dhiki, na maskini wa jangwani walikuwa wameingia mjini, akapenda wasaidiwe. Basi tazameni, ndugu zangu: kuja kwa wageni kulibadili hukumu ya chungu! Kuweka akiba ni halali; lakini mwaka wa wageni si mwaka wa kujaza masanduku ya barafu. Nasi hapa Juba tumo katika mwaka wa wageni.

Wala msiseme, "Huyu si wa kabila letu," au, "Huyu si wa dini yetu." Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Nasi Waislamu ni wachache katika nchi hii. Jirani zetu hututazama kwa matendo kabla ya kutusikiliza kwa maneno. Mtoto aliyekula pilau au kisra katika sinia moja na mwanao hatasadiki upesi atakapoambiwa kwamba baba wa rafiki yake ni adui.

Lakini haki haziwi za upande mmoja. Mtume alizifanya siku za ugeni kuwa tatu, na akakataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji katika dhiki. Wahenga wetu nao walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi anayekuja na jamaa atume habari mapema. Akiwa na kilo ya sukari au kuni, aje nazo. Na wanawake wa wageni wasikae wakingoja kuandikiwa, hali mama wa nyumba yuko motoni tangu alfajiri. Nanyi waume, kuteka maji na kuosha masufuria hakupunguzi heshima ya mtu.

Na asiye na uwezo wa kuchinja asione haya. Mtume alimwusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi ili majirani wapate. Nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu. Kinachomfikia ni ucha Mungu wetu, kama tufundishwavyo katika Sura ya Al-Haj.

Basi nawausieni mambo matatu: milango isifungwe wakati wa kula, fungu la wageni litengwe kabla ya fungu la akiba, na jirani wa mlango wa karibu apelekewe kwanza, awe nani awaye.

Ewe Mola wetu, zipokee udhia zetu, wakusanye waliotawanyika, wape amani watu wa mto huu, wa juu na wa chini. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.