Kanisa Lisilo na Siasa Liko Wapi?

Somo letu limo katika kitabu cha Nabii Amosi, sura ya 7, tangu mstari wa 10 hata wa 15.

Liko swali ambalo Wakristo wa Kianglikana huulizana wanapohamia mji mgeni. Ndugu zetu walioko Marekani huliuliza zaidi, maana huko kanisa letu, liitwalo la Kiepiskopali, limegawanyika. Swali lenyewe ni hili: tutapata wapi kanisa la namna ya wazee wetu, lenye Kitabu cha Sala na nyimbo za zamani, lisilo na siasa?

Tusiwacheke waulizao. Mama aliyemzika mumewe Alhamisi huja kanisani Jumapili kutafuta faraja. Akimkuta mheshimiwa amekalia kiti cha mbele, kisha kipaza sauti kikatoka mkononi mwa kasisi kikaingia mkononi mwake, naye akaanza kuwatukana wapinzani wake mbele ya Meza ya Bwana, mama yule atarudi nyumbani na njaa yake. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, siku Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama waumini wengine, lakini mimbari si yao. Neno hilo lilichelewa, lakini tulilishukuru.

Sasa tumtazame Amazia, kuhani wa Betheli. Yeye naye alitaka ibada isiyo na siasa! Amosi, mchunga mifugo na mtunza mikuyu, alikuwa amesema juu ya mizani ya udanganyifu, na juu ya maskini wanaouzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Amazia akapeleka habari kwa mfalme Yeroboamu. Kisha akamwambia Amosi arudi kwao Yuda akale mkate wake huko, kwa sababu Betheli ni patakatifu pa mfalme. Angalieni hapo, ndugu zangu. Hakusema ni patakatifu pa Mungu. Kanisa lile lililotaka kimya lilikuwa na chama chake tayari.

Sisi wa Kenya twaijua habari hiyo kwa gharama. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alisema juu ya ardhi iliyonyakuliwa, wala hakuwa akimwombea mtu kura. Waziri mmoja akamwonya hadharani asithubutu kuingia Busia. Tarehe 14 Agosti 1990 aliingia, akakutana na waumini, na alipokuwa njiani kurudi gari lake likagongana na lori, akafa.

Wala uzee wa kanisa hautuponyi. Mwaka 1783 makasisi wa Connecticut walimchagua Samuel Seabury awe askofu wao. Alikwenda Uingereza kuwekwa wakfu, akakwama, kwa kuwa sheria ilidai kila askofu aape kumtii mfalme, na Marekani ilikuwa imekwisha kujitenga na mfalme huyo. Ikambidi aende Aberdeen, huko Uskoti. Tarehe 14 Novemba 1784 akawekwa wakfu na maaskofu ambao wazee wao walikuwa wamekataa kiapo cha mfalme mwingine karibu miaka 100 nyuma. Na Kitabu cha Sala cha Marekani cha mwaka 1789 kikaiondoa sala ya mfalme, kikaweka sala ya rais. Basi atafutaye kanisa la Kiepiskopali la kale ambalo siasa haikuligusa, atafuta lisilokuwapo tangu mwanzo.

Na waliotoka je? Wako waliotoka baada ya mwaka 1976, wanawake waliporuhusiwa kuwa makasisi. Wengine walitoka baada ya mwaka 2003, askofu aliyeishi na mwanamume mwenzake alipowekwa wakfu huko New Hampshire. Baadhi yao walikuja mpaka kwetu: tarehe 30 Agosti 2007 Wamarekani wawili waliwekwa wakfu kuwa maaskofu katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Mwaka 2009 likaundwa Kanisa la Kianglikana la Amerika Kaskazini. Hata humo dayosisi nyingine huwapa wanawake ukasisi, nyingine hukataa. Mabishano yalipanda gari pamoja nao.

Basi tumwambie nini ndugu yule aulizaye? Aende akasikilize maombi. Je, mtawala huombewa kwa cheo chake, hata na wale wasiompigia kura? Paulo aliagiza hivyo katika 1 Timotheo 2, na aliyetawala Rumi hakuwa Mkristo. Asikilize pia masomo. Yanafuata kalenda ya kanisa, ama kasisi huchagua yale tu yanayowachapa watu asiowapenda? Twaona hii ndiyo faida kubwa ya utaratibu wetu wa zamani, na vijana hawaelezwi vya kutosha: zamu ya Amosi ikifika, Amosi husomwa, hata kama gavana ameketi mbele.

Ibada ikiisha asikimbilie nyumbani. Asimame uani watu wakinywa chai, atazame kama waliopiga kura mbalimbali wangali wanaulizana habari za watoto. Aende hivyo Jumapili tatu au nne kabla ya kukata shauri. Sadaka yake na aitoe tangu ile ya kwanza.